Kwenye Ngurumo Haitwi Mtu

Mimi ni mwoga wa mvua, na nalisema mapema kabla mtu hajanicheka. Si mvua yote. Ile ya katikati ya msimu, inayokuja kila alasiri kama mfanyakazi anayewahi zamu yake, naivumilia. Ninayoiogopa ni ile ya mwanzo, Septemba ikielekea Oktoba, wakati kiangazi kinakataa kuondoka na mvua haijaamua kuingia. Siku hizo anga la Bujumbura halina msimamo. Asubuhi unaanika nguo, baada ya muda unazianua, unazianika tena, na jioni hujui kama ulikuwa unafua au unacheza.

Nilikulia Nyakabiga, kwenye nyumba za saruji zilizobanana, ambako mvua ilikuwa kelele tu juu ya mabati. Ikinyesha tuliongeza sauti ya redio, basi. Uoga ulinianza nilipoolewa Buterere. Mume wangu ni mwashi. Mchana anawajengea watu wa Gasenyi nyumba za matofali ya kuchoma juu ya misingi ya mawe, jioni anarudi kwake kulala ndani ya kuta za rukarakara, yale matofali ya udongo uliokaushwa juani tu, bila moto. Mwanzoni nilimtania sana kwa hilo. Nikaacha msimu wa kwanza wa mvua, nilipoweka kiganja ukutani nikakuta ukuta umelowa na umekuwa laini.

Buterere iko chini. Maji yote yanayoanguka kwenye milima iliyo juu ya jiji yanalitafuta ziwa, na njia yake inapita kwetu. Nyuma ya nyumba yetu kuna mtaro mkubwa, na ng'ambo ya mtaro kuna mashamba ya mpunga mpaka macho yachoke. Kiangazi mtaro huwa mkavu, umejaa chupa za plastiki na kandambili zisizo na wenzake, na mbuzi hulala ndani yake. Mgeni akiuona wakati huo anaweza kudhani ulichimbwa kwa ajili ya takataka.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, msichana, kiangazi kikiwa ukingoni. Mama mkwe alishuka kutoka milima ya Mugamba kuja kunilea mimi na mtoto. Alikuja na gunia la maharage, blanketi zito ambalo huku kwetu kwenye joto hata mgonjwa hawezi kujifunika, na nia ya kukaa mpaka mtoto atakapokaa. Ni mwanamke mfupi, mwenye miguu yenye nguvu na maneno machache. Ana jina zuri sana, nami nilikuwa sijawahi kulitamka. Kwao mukazana, yaani mke wa mwana, halitamki jina la mama mkwe. Hata neno la kawaida linalofanana na jina hilo analikwepa, anatafuta lingine. Mimi mtoto wa Nyakabiga niliyaona hayo kuwa ya kizamani, lakini niliyashika, kwa sababu nilimpenda na kwa sababu nilimwogopa kidogo. Nilimwita Mama, kama kila mtu anavyomwita kila mwanamke.

Alikuja pia na elimu yake yote ya mvua. Kwao mvua haikuwa jambo la kuambiwa na redio, mtu aliisoma mwenyewe. Aliamka na kwenda kwanza kwa sisimizi, waliokuwa na shimo lao chini ya dirisha la jiko. Wakihamisha mayai na kupanda nayo ukutani, mvua ilikuwa karibu. Mbayuwayu wakiruka chini chini, hakuna haja ya kuanika. Mwezi mchanga ukilala chali kama bakuli, umeshika maji yake na hautayamwaga. Kumbikumbi wakitoka ardhini na kupaa, basi mvua ya siku hiyo imekwisha, chukua ungo utoke nje. Aliyasema bila kujisifu, kama mtu anayekuonyesha mahali chumvi inapowekwa.

Jirani yetu alikuwa na elimu nyingine. Ni mama aliyekimbia vita upande wa Uvira na kuja kuanza upya huku, akianika na kuuza ndagala, dagaa wa ziwani. Yeye alitazama ng'ambo ya ziwa, kwenye milima ya kwao. Kiangazi kizima vumbi na moshi wa mashamba huificha milima ile. Siku ikionekana safi, pamoja na mikunjo yake yote, aliziondoa ndagala juani hata kama jua linawaka, akisema milima ikisogea hivyo mvua imeshapanda mtumbwi. Mama mkwe alimsikiliza kwa heshima na hakuamini hata neno. Na mume wangu alikuwa na simu, iliyomchorea jua na wingu kwa kila saa ya siku. Kwa hiyo kiwanja chetu kilikuwa na ofisi tatu za hali ya hewa, na zote tatu zilibishana kila asubuhi huku mimi nikinyonyesha.

Mwaka ule zote zilikosea. Sisimizi walihamisha mayai, mama mkwe akapanda maharage kwenye kipande cha ardhi kando ya nyumba, mvua ikanyesha siku moja, kisha jua likarudi na kuyaunguza yalipokuwa yanachomoza. Akapanda tena. Ikawa vilevile. Milima ya Uvira ilisogea na kurudi nyuma kama watu wanaocheza ngoma, na jirani akawa anaanika na kuanua mpaka ndagala zikaanza kunuka. Simu ya mume wangu ilichora wingu siku ya jua na jua siku ya upepo. Asubuhi moja nilimkuta mama mkwe amechuchumaa chini ya dirisha la jiko, akiwatazama sisimizi wakipanda tena na mayai yao mdomoni. Hakugeuka. Aliniambia taratibu kwamba na hawa nao wamedanganywa.

Nilikuwa nimezoea mimi ndiye mwoga wa nyumba, na yeye ndiye nguzo. Sasa nilimwona mwanamke ambaye maisha yake yote aliamka akijua siku itakuwaje, na sasa hajui. Tangu siku hiyo alianza kutazama juu mara nyingi mno, hata akila, hata akimbeba mtoto, na nilipomuuliza anatafuta nini alisema hatafuti kitu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulitilia shaka, nalo lilihusu radi. Huko kwao watu hawaichezei. Milima ni mirefu na radi inaua kila msimu, shambani, njiani, hata watu wakiwa wamekaa wanaota moto. Mawingu yakianza kunguruma, mama mkwe alifunga mlango, akavua chochote chekundu, akafunika sufuria, akatukalisha chini mbali na ukuta. Hakuna kula wala kucheka. Na zaidi ya yote, hakuna kumwita mtu wala kumwitikia anayeita. Radi ina masikio, alisema. Ukiita, inajua watu wako wapi. Ukiitika, umeielekeza mlangoni kwako.

Sikuamini, lakini sharti lenyewe lilinifaa. Ngurumo ikilia mimi sauti hunikauka hata hivyo, kwa hiyo nilikaa kimya na kuonekana mkamwana mtiifu. Jirani ndiye aliyeharibu. Ngurumo ya kwanza tu, yeye alikuwa amesimama katikati ya nyumba yake akiomba kwa sauti ya kupasua bati, akiita jina la Yesu, majina ya watoto wake waliobaki Uvira, na majina ya maadui zake wote ili wasamehewe. Mama mkwe alimsikia kupitia ukutani, akafumba macho na kuuma meno.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mume wangu alikwenda Gasenyi kumalizia paa la mtu aliyeogopa mvua kama mimi. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, ofisi zetu tatu zilikubaliana. Sisimizi walikuwa wametulia. Milima ya Uvira haikuonekana kabisa. Simu ilichora jua mpaka usiku. Jirani akatandaza ndagala zote alizokuwa nazo, na mama mkwe akachukua fimbo yake na debe la kugonga, akaenda kulinda kitalu.

Kitalu kilikuwa cha mpunga. Tulikuwa tumekodi kipande kidogo ng'ambo ya mtaro, na mbegu zilikuwa zimetiwa kwenye tope siku chache kabla, zikisubiri kuota na kuhamishiwa shambani. Ndege wadogo wanaokula mpunga hawangoji ukomae, wanafukua hata mbegu. Kwa hiyo lazima mtu akae pale kutwa nzima, kwenye kibanda cha miti minne na shitingi, lile turubai la plastiki, na kugonga debe kila wanaposhuka. Ilikuwa zamu yangu, kwa haki. Lakini kwao mama mchanga haendi kwenye maji ya shamba, na mama mkwe aliikataa zamu yangu kabla sijaitaja. Alivuka mtaro mkavu juu ya ubao tuliouweka kuwa daraja letu, akanipungia debe bila kugeuka.

Mchana jua lilikuwa kali hadi ndagala zilikuwa zinang'aa kama misumari mipya. Nilimlaza mtoto, nikaanza kuchambua mboga za lengalenga mlangoni. Nilisikia debe likigongwa mbali, linakaa kimya, linagongwa tena. Kisha upepo ukabadilika. Ulikuwa ukitoka ziwani, ukageuka ukatoka milimani nyuma ya jiji, wenye baridi na harufu ya udongo uliolowa. Nikainua macho. Juu yetu anga lilikuwa jeupe, safi. Lakini upande wa mashariki, juu ya milima, palikuwa pamefungwa kabisa, peusi.

Nilijiambia ni mvua ya huko, na huko ni mbali. Jirani naye alisimama akatazama, akasema haya mambo ya kwenu sijui, na akaanza kuanua ndagala. Wingu lilishuka upesi kuliko ninavyoweza kusimulia. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na machache, yakatoboa vumbi. Nikamkimbilia mtoto. Ngurumo ya kwanza ilipasuka nikiwa kizingitini.

Nilikaa katikati ya chumba, mtoto kifuani, kichwa nimekiinamisha. Mvua ilipiga bati mpaka sikusikia pumzi yangu mwenyewe. Nilimfikiria mama mkwe, sitasema sikumfikiria. Nilijiambia amekwenda kujikinga kwa wenye mashamba ya jirani. Nilijiambia ni mtu wa milima, ameona mvua nyingi kuliko mimi. Nilikuwa natafuta kila sababu ya kutosimama, na uoga ukitafuta sababu haukosi. Kila radi ilipopiga nilijikunja juu ya mtoto kama mtu anayezuia kofi, na yeye, ajabu ya Mungu, alikuwa akinyonya.

Kisha nikahisi ubaridi chini. Nilidhani ni mkojo wa mtoto. Nikatazama, nikaona maji yakiingia chini ya mlango. Si maji ya mvua yale. Yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa, yenye majani makavu na povu. Yalikuwa yanatoka mtaroni. Ndipo nikaelewa yaliyokuwa yanatokea. Mvua iliyokuwa juu yetu ilikuwa ndogo kuliko ile iliyokwisha kunyesha milimani bila sisi kuiona, na sasa ile ya milimani ilikuwa imefika.

Na nikaelewa jambo la pili. Huko Mugamba watu hukaa juu. Maji hushuka, hukuacha, huenda bondeni ambako hakuna mtu. Ngurumo ikilia, mwenye akili hukaa alipo, hunyamaza, husubiri ipite. Mama mkwe hakuwa amekwenda kujikinga kwa mtu yeyote. Mama mkwe alikuwa amekaa kibandani, chini kabisa ya bonde ambalo maji ya milima yote yalikuwa yanalijia, ametulia, anasubiri ipite.

Mlango ulipigwa. Alikuwa jirani, amelowa, kanga imemganda mwilini, bado anaomba. Aliacha kuomba akanitazama nilivyokaa.

"Leta mutoto," alisema. "We unangojea nini? Kwangu kuko musingi ya mawe."

Nilimwambia mama yuko kitaluni. Alitazama upande wa mashamba, akanyoosha mikono.

"Mi niko na mutoto. Wende. Lakini apana kupita pa mutaro, pita pale juu, pa daraja. Fata tuta na miguu, usiaminie macho."

Sijui nilisimamaje. Nakumbuka nilimkabidhi mtoto na kwamba mikono yangu haikutaka kumwachia, jirani alilazimika kuivuta. Nakumbuka ubao wetu haukuwepo tena. Nilizunguka hadi kwenye daraja dogo la saruji, maji yakipita juu yake na kunifika katika vifundo vya miguu, nikavuka nikiwa nimeshika ukingo kwa mikono miwili kama bibi kizee. Ng'ambo hapakuwa na mashamba. Palikuwa na ziwa jipya, la kahawia, na katikati yake vichwa vya miti na vipande vya shitingi vikipepea. Nilitafuta tuta kwa kidole cha mguu. Nikalipata. Nikaenda, mguu mmoja, kisha mwingine, na radi ilikuwa bado inapiga, na mimi, mwoga wa Nyakabiga, nilikuwa kitu kirefu kuliko vyote katika uwanda ule mzima. Nililia kwa sauti. Sikulia kwa ajili ya mama mkwe, nitasema ukweli, nililia kwa ajili ya ngozi yangu.

Niliita, "Mama!" Mvua iliimeza sauti. Niliita tena. Mahali kibanda kilipotakiwa kuwa sikuona kibanda. Niliona nguzo moja imeinama, na shitingi imejisokota juu yake. Hakuna aliyejibu. Nikaita mara nyingi, sijui ngapi, Mama, Mama, na nikafikiri kwamba kila mwanamke wa Buterere ni Mama, huenda anasikia na kudhani anaitwa mwingine. Nikalitamka jina lake. Nililipaza jina lenyewe, lile ambalo hata neno linalofanana nalo nilikuwa nikilikwepa, nikalirusha katika ngurumo mara mbili, mara tatu. Lilitoka kinywani mwangu likiwa geni.

Kimya. Nikajua amekufa. Sikushuku, nilijua. Nilisimama pale juu ya tuta na nikaanza kugeuka nirudi kwa mwanangu, kwa sababu tuta lilikuwa linalegea chini ya miguu yangu, na kwa sababu mtu aliye hai ana mtoto wa kunyonyesha.

Nilipogeuka ndipo nilipomwona. Alikuwa nyuma ya ile nguzo iliyoinama, upande ambao shitingi ilikuwa inamficha. Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Alikuwa amevua kitenge chake cha juu na kujifunga nacho kwenye nguzo, kiunoni, kwa fundo zuri, kama anavyofunga mtoto mgongoni. Debe lilikuwa linaelea mbele yake likiwa limeshikwa na kamba. Alikuwa ananitazama. Alikuwa amenisikia muda wote ule. Nilifungua kinywa kupiga kelele, naye akainua mkono kutoka majini, akaweka kidole juu ya midomo.

Sikumbuki vizuri nilivyomfikia. Kulikuwa na tuta jingine dogo, halafu hapakuwa na tuta, maji yakanifika kwenye nyonga, nikaishika nguzo. Fundo lilikuwa limeloa na halikufunguka, nikaling'ata. Yeye alitetemeka mwili mzima lakini uso wake ulikuwa na hasira, na aliponishika mkono alinifinya kwa nguvu hadi nikapata alama. Tulirudi bila neno, yeye nyuma yangu ameshika kiuno changu, mimi nikitafuta njia kwa vidole vya miguu. Mara moja aliteleza, akazama mpaka kichwani, nikamvuta kwa nywele. Hata hapo hakutoa sauti. Alikohoa maji akiwa amefumba mdomo, kupitia puani.

Kwa jirani kulikuwa kumejaa watu waliokimbilia kwenye msingi wa mawe. Mwanangu alikuwa amelazwa juu ya meza, ndani ya karai la kuanikia ndagala, amelala, ananuka samaki. Mama mkwe aliwapita watu wote, akaenda kwenye karai, akamgusa mtoto shingoni, mgongoni, kichwani, kavu, kavu, kavu. Kisha alikaa chini na miguu yake ikaanza kuruka yenyewe. Jirani alimfunika na blanketi lile zito la Mugamba, ambalo mtu mmoja mwenye akili alikuwa ameliokoa kutoka kwetu. Kabla maji hayajaanza kupungua tulisikia mshindo wa taratibu, kama mtu mnene anayekaa kwenye kochi. Ulikuwa ukuta wetu wa nyuma. Ukuta huo ndio uliokuwa na kitanda.

Mume wangu alirudi akipita kwenye maji, ameshikilia viatu juu ya kichwa, na alipotukuta wote watatu alikaa kwenye ngazi na kuvivaa viatu vile juu ya tope, akavifunga kamba kabisa, ndipo akaanza kulia.

Siku zilizofuata zilikuwa za jua kali, jua lisilo na haya. Tulianika kila kitu, magodoro, vyeti vya ubatizo, mchele uliovimba. Kitalu kilikuwa kimekwenda. Watu walipita wakitupa pole na kusimulia ya kwao, na katika kila masimulizi kulikuwa na mtu aliyesema aliona dalili. Mama mkwe hakusema aliona dalili. Alikaa kwenye kiti cha jirani akimpakata mtoto, na sisimizi walipopita mbele yake na mizigo yao hakuwaangalia.

Mimi nilikuwa na hasira. Uoga wangu ukiisha hugeuka hasira, mume wangu anajua. Nilikuwa nimebeba kile kidole mdomoni mwake kwa siku kadhaa, nikikiona nikifumba macho, na kila nilipokiona nilisikia tena jinsi nilivyokuwa nimeanza kugeuka nirudi. Hatua mbili zaidi ningekuwa nimekwenda. Nisingemwona. Angebaki pale amefungwa kwenye nguzo kwa fundo lake zuri, kwa ajili ya sharti la wazee kuhusu radi yenye masikio.

Siku moja alasiri tulibaki wawili. Nilikuwa nakamua nepi, yeye ana mtoto magotini. Nilimwambia, kwa adabu yote niliyoweza kuikusanya, kwamba nilimwita mpaka koo likauma. Kwamba nilimwita hata kwa jina, na kama nimemkosea kwa hilo anisamehe. Lakini radi isingemla kwa kuitika mara moja tu. Kwamba nilikuwa nageuka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alimrekebisha mtoto kichwa. Kisha akaongea Kirundi chake cha milimani, taratibu, na ninachokiandika hapa ni Kiswahili changu tu.

"Nilikusikia tangu ulipoita mara ya kwanza," alisema. "Shitingi ilinifunika macho, sikukuona mgongo. Mukazana aliyejifungua juzi, akitoka nyumbani, anatoka na mtoto mgongoni. Nani angemwacha kwa watu? Nilijua umemfunga. Ningeitika, ungeingia naye kwenye yale maji. Hata kidole nilikuwekea ili usinisogelee."

Nilimuuliza, radi je?

"Radi ilikuwa imeshapita upande wa ziwa," alisema. "Hukuisikia ikienda?"

Sikuisikia. Alirudi kumtazama mtoto, akamfuta mate, akaniambia nepi ile imekauka, niache kuikamua. Niliendelea kuikamua. Kwa mawazo nilikuwa nimejiweka pale kwenye nguzo, maji kifuani, na mtu ananiita, na sikuhitaji kujiuliza mara mbili. Mimi ningeitika.